Zawadi 11 kwa mtoto mmoja: jibu kwa mwalimu wa kamati ya mahafali

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya kata, mwaka wangu wa tatu kazini. Mkuu wa shule amenipa uenyekiti wa kamati ya mahafali ya kidato cha nne, ambayo sisi tunayaunganisha na siku ya taaluma. Yatakuwa Oktoba, na tuna wahitimu 86. Mwaka jana msichana mmoja aliitwa mbele mara 11, wavulana watatu wakagawana zawadi zilizobaki, na wazazi wengi wakaanza kuondoka kabla mgeni rasmi hajasimama. Nikipendekeza tubadilishe, wenzangu wanasema kumpa kila mtu kitu ni kushusha hadhi ya ufaulu. Tena kuna mchango wa shilingi 30,000 ambao wazazi wanaulalamikia. Nifanyeje ili tuwapongeze waliofanya vizuri bila kuwafanya wengine wajione si kitu, na wanakijiji waone siku hii ni yao?"

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni hao wazazi walioondoka. Mzazi aliyeacha shamba, akavaa nguo yake ya sikukuu na kutembea mpaka shuleni, haondoki kwa sababu ana haraka. Anaondoka kwa sababu amekaa saa tatu hajasikia jina la mwanawe. Mwaka jana walioitwa mbele walikuwa wanne. Familia zote zilizobaki zilialikwa kuja kutazama sherehe ya majirani zao.

Kwa hiyo naanza na jambo ambalo ningekuomba ulifanye hata kama mengine yote yatashindikana: kila mhitimu aitwe kwa jina lake kamili na asomewe sentensi moja ya kweli mbele ya watu wake.

Mimi nilichelewa kulijua hili. Shule niliyokuwa naiongoza ilikuwa na kengele ya rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, na kwa miaka minne aliyeigonga alikuwa kijana mmoja. Hakuwa na saa. Alikuwa anaazima ya mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu akichelewa, anakimbia kuuliza dukani ng'ambo ya barabara. Kengele yake haikupishana na ratiba. Siku ya mahafali yake tuligawa zawadi za masomo tisa, na nidhamu, na usafi. Yeye aligonga kengele ya kuwaita wageni kwenye chakula, akarudi kukaa. Baba yake alisimama nyuma ya turubai, kofia mkononi, mpaka mwisho. Nilipokuwa nimetoka kumsindikiza mgeni rasmi kwenye gari, akanisogelea na kuniuliza kwa upole, "Mwalimu, na huyu wangu naye amemaliza salama?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na neno la kuongeza, kwa sababu hakuna mtu shuleni aliyekuwa ameliandaa.

Mwaka uliofuata tukaanza sentensi. Masharti yake ni machache. Iwe na kitendo ndani yake. "Ni mtiifu na msikivu" haimtambulishi mtoto, maana inaweza kusemwa juu ya yeyote kati ya hao 86. Lakini ukisema, "Kidato cha kwanza alikuwa haongei darasani, mwaka huu ameongoza mdahalo wa shule mara mbili," mama yake anajua ni huyu wake na si mwingine. Au: "Jioni alibaki na wenzake saba ubaoni mpaka wakaelewa vipeuo." Au: "Alikongomea madawati 14 bila kuombwa." Au: "Mvua za Machi zilipokata daraja, alizunguka kwa njia ya mlimani na akafika kabla ya namba."

Utaniuliza muda. Jina, hatua chache, sentensi, cheti mkononi, mkono wa mgeni rasmi: sekunde 20 ukipanga foleni mapema upande wa kushoto na kuwatoa upande wa kulia. Mara 86, hiyo haifiki nusu saa. Ninaamini mwaka jana zile safari 11 za binti mmoja, pamoja na picha zake, hazikuwa mbali na hapo.

Na usiwaulize walimu peke yao. Muulize mpishi na mlinzi. Hao wanawaona watoto saa ambazo sisi tumeshaondoka: nani anabaki kuosha masufuria, nani anamsindikiza mdogo mpaka njia panda giza likiingia. Sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisoma kwenye kipaza sauti ilitoka kwa mlinzi.

Ila kuna sharti ambalo usilivunje hata siku moja. Mtoto aione sentensi yake kabla, faraghani, na akikataa ibadilishwe. Sisi tunaweza kudhani tunamsifu kumbe tunamwanika. Kwamba amefiwa na wazazi, kwamba analelewa na bibi, kwamba alifanya vibarua apate daftari, hayo ni ya kwake. Vivyo hivyo kwa wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, jambo lililoruhusiwa na serikali ya Tanzania Novemba 2021. Ukiwa naye kwenye kundi la mwaka huu, muulize. Mmoja atasema, "Niitwe kama wenzangu, basi." Mwingine atataka isemwe wazi, kwa sababu ana mdogo wake ameketi pale anayemtazama. Wote wawili wako sahihi.

Sasa nije kwa wenzako, maana wana hoja na usiwapuuze. Sentensi si zawadi. Kutambuliwa ni haki ya kila aliyemaliza; zawadi ni ya aliyefikia kiwango. Ukivichanganya hivi viwili, ukampa kila mtu kalamu na kuiita tuzo, wanafunzi wenyewe ndio wa kwanza kujua kwamba kalamu hiyo haina maana. Kwa hiyo zawadi za taaluma zibaki, na zibaki ngumu kuzipata.

Wapo watakaokwambia hata Baraza la Mitihani limeacha kutangaza wanafunzi na shule bora kitaifa, tangu matokeo yaliyotolewa Januari 2023, basi nanyi mwache. Sikubaliani nao. Pale walikuwa wanalinganishwa watoto waliosoma katika mazingira yasiyofanana hata kidogo. Ninyi mnawalinganisha walioketi darasa moja, kwa mwalimu yuleyule, na vitabu vilevile vya kugawana.

Lililoharibika kwenu ni jinsi zawadi zinavyohesabiwa. Kila mwalimu wa somo anatoa wa kwanza wake, na aliye wa kwanza kwenye Fizikia mara nyingi ndiye huyohuyo wa Kemia na Hisabati. Mwambie mwalimu wa taaluma asome matokeo yote kwa pamoja: mwanafunzi aliyeongoza masomo sita aitwe mara moja, yasomwe yote sita, apewe furushi moja lenye heshima yake. Makofi ya mara moja yenye uzito yanamfaa kuliko makofi 11 yanayozidi kupungua, na binti wa mwaka jana bila shaka aliyasikia yakipungua. Kisha kwenye kila somo muite pia aliyepanda zaidi.

Hapa kwenye kupanda pana mtego. Shule nyingi hupima kwa nafasi: alikuwa wa 80, sasa wa 55. Nafasi inategemea wengine wamefanya nini. Pima kwa alama za mtoto mwenyewe. Kijana aliyepata 11 ya Hisabati kwenye Upimaji wa Kidato cha Pili, na sasa ana 34 kwenye mtihani wa utamilifu, ametoka F akavuka mstari wa 30 na kuingia D. Wenye haraka wataicheka D. Mimi nimefundisha Hisabati, na najua jioni ngapi zimelala ndani ya alama hizo 23. Lakini usichukue mtihani mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho. Aliyefanya ule wa kwanza akiwa na malaria ataonekana amepaa. Chukua wastani wa miwili ya zamani na miwili ya karibuni.

Na vigezo vitangazwe Januari, vibandikwe ubaoni. Mwaka huu umeshachelewa kwa hilo, lakini waandalie kidato cha tatu. Kuna utafiti ninaoupenda sana kwa sababu umefanyika kwa jirani zetu, Busia, Kenya, kuanzia 2001. Watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walifuatilia mpango uliowaahidi wasichana wa darasa la sita kwamba asilimia 15 watakaoongoza watalipiwa ada na kupewa fedha za mahitaji ya shule kwa miaka miwili, na watapongezwa kwenye mkutano shuleni mbele ya wazazi na viongozi. Alama zilipanda, tena hata kwa wasichana ambao mwanzoni hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda. Huko Busia wavulana nao, ambao hawakuhusika kabisa na zawadi, walipanda, na mahudhurio ya walimu yakawa bora. Mimi nasoma hivi: lengo lilijulikana mapema, walengwa walikuwa wengi kiasi cha mtoto wa kati kusema "huenda nikawemo", na kijiji kilikuwepo. Zawadi zenu za mwaka jana zilikosa vyote vitatu.

Kwenye tuzo ya mahudhurio nikutahadharishe. Inapendwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Huko California watafiti waliijaribu kwa wanafunzi zaidi ya 15,000, na wale waliopewa tuzo ya kushtukiza kwa mahudhurio kamili wakaanza kukosa shule zaidi kuliko ambao hawakupewa, kana kwamba wameambiwa, "Ninyi mmepitiliza, wenzenu hawafanyi hivi." Hata bila utafiti huo, sisi tunajua nani hukosa shule: anayevuka mto, anayeuguza, na msichana asiye na taulo za kike. Kumnyima makofi hakumletei hata kimoja kati ya hivyo. Mimi niliifuta tuzo hiyo, na fedha yake ikanunua taulo.

Angalia pia maneno ya mshereheshaji. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano huko Marekani. Walioambiwa "una akili" baada ya kufanya vizuri, walipokutana na maswali magumu walikata tamaa haraka kuliko walioambiwa "umejitahidi", na wengi zaidi wakaongeza alama zao kwa uongo walipotakiwa kuziandika. Hivyo mshereheshaji akipaza sauti "kichwa! kipanga wa shule!", anamtwisha mtoto mzigo wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Mpe karatasi. Asome alichofanya mtoto, jina la kipanga aliache.

Sasa kijiji, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza, tunachapa vyeti kwa Kiingereza, risala inasomwa kwa Kiingereza ili mgeni rasmi aone watoto "wameiva". Mzazi anapewa cheti akishike kwa ajili ya picha, anakigeuza juu chini. Shule hizi za kata zilienea kwa nguvu za wazazi hao, tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004: walibeba mawe, mchanga, maji ya kujengea. Halafu siku ya furaha tunaongea lugha inayowaacha nje ya turubai. Chapa vyeti vya zawadi kwa Kiswahili. Risala iwe ya Kiswahili, iandikwe na wahitimu wenyewe, na isiwe orodha ya vilio mwanzo mpaka mwisho. Maombi mawili ya shule yanatosha. Mengine mpeleke kwenye kikao cha bodi.

Kisha, kabla ya hotuba zote, wape wazazi saa moja ya kuzunguka madarasani. Weka meza sita au saba. Kwenye kila meza wanafunzi wawili waeleze kwa Kiswahili kitu walichojifunza: udongo wa kijiji unavyopimwa tindikali, ramani ya kata waliyoichora, chujio la maji la mchanga na mkaa. Tulipofanya hivi mara ya kwanza tuliweka hadubini yetu moja na ngozi ya kitunguu iliyopakwa iodini. Bibi mmoja akaambiwa achungulie. Akavua miwani, akainama, akakaa kimya mpaka foleni ikaanza kulalamika. Alipoinuka akamwambia mjukuu wake, "Kumbe kitunguu kina vyumba." Yule binti, ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwenye chochote, akaanza kumweleza bibi yake ukuta wa chumba, na kile kidoa cha ndani ni nini, na watu wakasogea kumsikiliza. Nilisimama mlangoni nikijiambia kwamba hilo ndilo somo la Biolojia nililokuwa nikilisubiri miaka yote. Zawadi ya binti yule ilikuwa masikio ya watu wale.

Kuhusu mchango, nitakuwa wazi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, mchango wa lazima hauna pa kusimama, na mtoto asizuiwe kukaa kwenye kiti cha mhitimu kwa sababu ya fedha. Shilingi 30,000 mara 86 ni 2,580,000. Kaa na kamati muulizane zinakwenda wapi. Mara nyingi ni majoho ya kukodi, keki ya ghorofa, spika kubwa na mshereheshaji wa mjini. Majoho yaacheni, sare iliyofuliwa na kupigwa pasi inawatosha, na hakuna mtoto atakayeonekana ameazima. Mshereheshaji awe mwalimu wenu. Chakula kipitie bodi ya shule, iwaombe wanaoweza walete mchele, maharage, kuni, mafuta, kila mtu kwa nafasi yake, na afisa elimu aarifiwe mapema. Akina mama wa kijiji wakipika wenyewe utaona siku inavyobadilika. Baada ya wiki moja bandikeni mapato na matumizi mahali ambapo mzazi asiyeingia ofisini anaweza kuyaona.

Mgeni rasmi si lazima awe mwenye cheo. Muuguzi wa zahanati aliyesoma hapohapo, fundi anayeajiri vijana wenu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyewafundisha hao hao kusoma, wote wanafaa. Akiwa kiongozi, mwandikie barua yenye muda wake: dakika 15, baada ya vyeti, siyo kabla. Mkianza saa tatu asubuhi, watu wawe wanakula saa saba, na saa tisa mchana muziki uwe umezimwa. Usikubali disko la usiku kwa jina la kuwaaga. Nimeshakaa na wazazi Jumatatu baada ya usiku wa namna hiyo, na sitaki ukae nao wewe.

Picha: pata ridhaa ya mzazi kabla ya kuweka sura ya mtoto kwenye mitandao; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na shule haijasamehewa. Alama za mtoto zisirushwe kwenye kundi la simu la wazazi, hata ziwe nzuri namna gani.

Mna muda mfupi mpaka Oktoba, kwa hiyo anza na daftari. Jumatatu mpe kila mwalimu wa darasa daftari lenye majina ya wahitimu wake, mstari mmoja kwa kila jina, aanze kuandika sentensi anazozijua bila kuuliza. Baada ya wiki mbili kusanya. Majina ambayo mistari yake bado ni mitupu, yaandike pembeni, kisha katafute nafasi ya kukaa na hao watoto mmoja mmoja.